Mistari ya Waridi Chini ya Mialoni

Anayetaka kulitambua ua la Claytonia virginica hana budi kupiga magoti. Mmea wenyewe kwa kawaida hauzidi shubiri, na huota kati ya majani makavu yaliyoanguka mwaka uliopita katika misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini, kuanzia Ontario hadi Texas. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliusajili mwaka 1753, kwa jina linalomkumbuka John Clayton, karani wa Gloucester huko Virginia aliyekuwa akikusanya mimea ya jimbo lake.

Kwanza yatazamwe majani. Ni mawili tu kwenye shina, yanaelekeana, membamba kama nyasi. Ndugu yake wa karibu, Claytonia caroliniana, ana majani mapana yenye kikonyo kinachoonekana wazi. Hapo ndipo wengi hukosea. Kisha ua: petali tano nyeupe au za waridi, zilizochorwa mistari ya waridi iliyokolea, na chini yake sepali mbili tu.

Mistari hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mtaalamu wa mimea. Humwelekeza mdudu kwenye mbochi iliyo katikati ya ua, na hoja ya mhadhara huu inasimama hapo: alama zinazomsaidia mtu kulitambua ua hili ndizo zinazomwita mgeni wake. Hata chavua yake ni ya waridi. Nyuki mdogo Andrena erigeniae, anayeishi peke yake bila mzinga, huichukua miguuni, akaifinyanga kuwa tonge ndani ya shimo alilolichimba ardhini, akataga yai juu yake. Mtafiti Charles Robertson wa Carlinville, Illinois, alimweleza nyuki huyu mwaka 1891. Inasikitisha kidogo kwamba jina lake limetokana na ua jingine, Erigenia, ilhali chavua anayowalisha wanawe ni ya Claytonia.

Ua hufunguka siku chache tu, na jua likifichwa na mawingu hujifunga. Siku ya kwanza hutoa chavua. Baadaye stameni hupinda kando, na stigma yenye ncha tatu hujifungua kupokea chavua ya maua mengine, jambo linalopunguza uwezekano wa ua kujichavusha lenyewe.

Haraka hiyo ina sababu. Mialoni na miti ya maple hupukutisha majani kabla ya baridi, na mwezi wa Aprili jua bado linafika ardhini. Majani mapya yakishatanda juu, kivuli huifunga sakafu ya msitu. Kwa hiyo mmea hula jua kwa wiki chache, huhifadhi wanga katika tunguu lake, kisha hunyauka. Kuchakuro wenye mistari mgongoni huyafukua matunguu hayo na kuyala. Mbegu nazo zina kipande chenye mafuta kinachowavutia sisimizi. Huzibeba hadi kichuguuni, hula mafuta na kuiacha mbegu nzima.

Ua hili huota pia kwenye nyasi za bustani na makaburi ya zamani. Mwenye bustani akichelewesha mashine ya kukatia nyasi hadi majani ya Claytonia yanyauke, tunguu huwa limekwisha kujaa. Mwezi wa Juni hakuna cha kuonekana mahali pale, lakini chini ya udongo tunguu limelala, na huenda karibu yake yumo mtoto wa nyuki aliyelishwa tonge la waridi.