Wakazi Waulizwe Kabla Vigingi Havijapigwa

Kuchora ramani ya mji ni kazi ya wataalamu, lakini watakaoishi ndani ya ramani hiyo ni wananchi. Ndiyo maana sheria ya mipango ya miji na mikoa ya Zambia, ya mwaka 2015, inazitaka halmashauri ziwashirikishe wakazi. Sheria hiyo ilipeleka upangaji hata katika ardhi ya kimila, kwa mapatano kati ya halmashauri na machifu.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi Mununga, kaskazini ya mto Kalungwishi. Huko makazi yamekua kwa kufuata uvuvi. Mchanga unaoonekana mtupu katika ramani ndipo wanawake wanapoanika chisense, yaani dagaa wa ziwa hilo. Kichochoro kisicho na jina ndicho njia ya mwaloni. Mpimaji asiyeuliza aweza kuukata mchanga huo kuwa viwanja vya nyumba, na kwa mstari mmoja wa kalamu akafuta riziki ya kaya nyingi. Wahenga walisema: nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.

Kwamba wananchi wa kawaida wana uwezo wa kupanga, hilo lilikwisha kuthibitika mjini Lusaka. Kati ya mwaka 1974 na 1981, serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliamua kuiboresha mitaa ya George, Chawama, Chaisa na Chipata badala ya kuibomoa. Suala gumu lilikuwa barabara, kwani kila barabara ilimaanisha baadhi ya nyumba kuvunjwa na wenyewe kuhamia viwanja vipya. Wakazi walichagua wenzao, wakatembea pamoja na maofisa juu ya njia iliyopendekezwa, wakaeleza ipinde wapi ili nyumba nyingi zaidi zinusurike. Wananchi walijitolea pia kuchimba mitaro ya mabomba, na mpango ukawa bomba moja la maji kwa kila nyumba 25. Mikutano ilichukua muda, lakini barabara zilipita kwa maelewano.

Funzo lake ni kwamba kuarifu si kushauriana. Tangazo linalobandikwa ofisini baada ya ramani kutiwa sahihi halimpi mkazi lolote ila habari ya kuhamishwa kwake. Vilevile, chisense huvuliwa usiku kwa taa. Mkutano unaoitishwa bila kuwauliza wavuvi saa yao utajaa watu wengine, na wavuvi hawatakuwamo.

Basi ni wajibu wa halmashauri kupeleka ramani mwaloni ingali ya penseli, kueleza kwa lugha ya wakazi nani atahama na atafidiwaje, kisha kurudi na majibu. Na ni wajibu wa wananchi kuhudhuria na kusema. Vigingi vikishapigwa, kuving'oa ni gharama kwa wote.