Mafuta Yanayovuja Katika Malori ya Zamani

Hotuba kwa wenye malori, madereva na mafundi wa Maswa



Nimeombwa niseme machache habari ya mafuta yanayovuja katika mitambo ya dizeli iliyozeeka, na habari ya gundi ambayo wengi wetu huitumia ili kuyazuia. Nimeikubali kazi hii kwa kuwa mimi mwenyewe nimekwisha kuua mtambo mmoja kwa gundi, na mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mnajua jinsi mambo yalivyo katika wilaya yetu. Tangu reli ya kwenda Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, pamba ya huku imekuwa ikichukuliwa kwa motokaa kutoka vijijini mpaka Malampaka na mpaka viwanda vya kuchambulia. Hata leo pamba ikivunwa, lori ambalo lingestahili kupumzika huamshwa, hutiwa mafuta, na kupelekwa Lalago au zaidi. Basi mwaka mmoja nalikuwa na lori la namna hiyo. Sampu yake, yaani lile bakuli la chini lishikalo mafuta ya mtambo, ilikuwa ikivuja penye gasketi. Msimu ulikuwa umekwisha kufunguliwa na wenye pamba walikuwa wakinihimiza. Nikaifungua sampu, nikapaka gundi ya silikoni nyingi sana, nikidhani kwamba wingi wake ndio nguvu yake, nikaifunga, nikatia mafuta saa ile ile na kuondoka. Halikuvuja hata tone, nami nikajisifu.

Siku ya tatu, usiku, tukiwa tumepakia, taa ya mafuta iliwaka. Utingo akapima kwa kijiti, akasema mafuta yamejaa. Nikamwamini yeye na kijiti, nikaidharau taa, nikaendelea. Hatukufika mbali, mtambo ukagonga mara chache kisha ukakaza kabisa. Tulipoufungua tuliona gundi iliyokuwa imebinyika kwa ndani imekatika vipande, navyo vimevutwa mpaka kwenye chujio la pampu ya mafuta na kuliziba. Mafuta yalikuwamo tele katika sampu, lakini hayakuweza kupanda juu. Bei ya lori lile ilipotea kwa ajili ya tyubu moja ya gundi.

Sasa natafuta kuwaeleza kazi ya sili, maana watu wengi huitazama kama kipande cha mpira tu. Krenki ni chuma kizungukacho, na kinatoka nje ya mtambo mbele na nyuma. Hapo kinapotoka pamewekwa sili, yenye mdomo mwembamba wa mpira unaobanwa na springi ndogo. Ikiwa krenki ina upana wa milimeta 100 mahali hapo, na mtambo unazunguka mara 2000 kwa dakika, basi chuma kinasugua mdomo ule kwa mwendo wa meta 10 na zaidi kila sekunde. Kwa siku moja ya saa 8 ni kilometa 300, nao mdomo haukuondoka mahali pake! Hapana gundi ya tyubu iwezayo kustahimili msuguano huo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ataipaka gundi sili ya krenki kwa nje ili isivuje, mwambie aweke tyubu yake.

Mitambo ya kale kabisa haikuwa na midomo ya mpira. Wengine walitumia ngozi, na wengine kamba iliyofumwa kwa asbesto na kulainishwa. Ikiwa fundi atakuta kamba kama hiyo, au gasketi ya zamani iliyo kama karatasi ya kijivu, asiikwangue ikiwa kavu wala asiipulize kwa upepo wa pampu. Ailoweshe kwanza kwa maji. Vumbi la asbesto likiingia katika mapafu huleta kansa baada ya miaka mingi, wakati mtu amekwisha kusahau lori lenyewe.

Mpira nao huzeeka. Moto wa mtambo huukausha hata ukawa mgumu kama ukucha, na vumbi la njia zetu hunasa katika mdomo wake na kuula chuma, hata krenki ikapata mfuo uzungukao. Ndiyo sababu mtu huweka sili mpya na baada ya juma moja mafuta yanarudi, akamlaumu mwenye duka. Sili haina kosa. Mdomo wake umekalia mfuo ule ule. Pitisha ukucha wako juu ya krenki. Ukikwama, sukuma sili ndani kidogo au uiache nje kidogo, ikiwa nafasi ipo, ili mdomo upate chuma kizima. Nafasi ikikosekana, iko bangili nyembamba ya chuma inayovishwa juu ya mfuo.

Lakini kabla ya kununua sili, tazama kama kweli ndiyo inayovuja. Mafuta hushuka, kisha upepo wa safari huyarudisha nyuma, kwa hiyo mahali yanapodondokea sipo yanapotokea. Mara nyingi nimeona watu wakiteremsha giaboksi siku nzima ili kubadili sili ya nyuma, kumbe mafuta yalitoka kwenye kifuniko cha valvu huko juu yakatambaa kwa ukuta wa mtambo. Osha mtambo, uukaushe, upake unga mkavu kidogo, uuwashe, nawe utaona njia yake. Angalia rangi pia. Mafuta ya mtambo wa dizeli huwa meusi upesi, na ya giaboksi huwa meupe kuliko hayo na harufu yake ni kali.

Kisha litazame tundu la kupumulia. Hili, katika maneno yangu yote, ndilo ningependa mlikumbuke mfikapo nyumbani. Kila mtambo hupenyeza moshi kidogo kando ya pistoni, nao hutoka kwa tundu hilo. Likizibwa na matope na mafuta yaliyoganda, moshi hukosa mlango, hujaa ndani, na kuyasukuma mafuta nje kupitia kila sili. Tumebadili sili ngapi ambazo zilihitaji tu waya na mafuta ya taa! Fungua kifuniko cha kutilia mafuta huku mtambo ukinguruma polepole. Ukiona moshi unatoka kwa nguvu, puu, puu, na tundu ni safi, basi ringi zimekwisha, na sili mpya itakupa siku chache tu.

Wapo wanaouza dawa ya kumimina katika mafuta ili sili zivimbe. Dawa hizo si uongo mtupu. Mpira uliokauka bila kupasuka huweza kulainika kidogo na kupunguza kuvuja, nayo yaweza kukufikisha mwisho wa msimu. Bali mdomo uliochanika haushoneki kwa dawa, na mfuo wa krenki haujazwi kwa dawa.

Na gundi, je? Sikuja kuitukana. Gundi ya silikoni inafaa penye vyuma viwili visivyozunguka, kama sampu na vifuniko, tena pale tu ambapo mwenye kuunda mtambo ameiruhusu. Vyuma visafishwe hata kusiwe na mafuta kabisa. Mstari uwe wa milimeta 2 au 3, uzunguke matundu ya bolti kwa upande wa ndani, kisha uachwe ukauke kama ilivyoandikwa juu ya tyubu, mara nyingi siku nzima, ndipo mafuta yatiwe. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa. Iko gundi nyingine iliyo kinyume chake, haikauki hewani bali ikibanwa kati ya vyuma. Hiyo ilibuniwa Marekani na mwalimu wa kemia, Vernon Krieble, mwaka 1953, nayo ni njema kwa vyuma vilivyo sawasawa. Juu ya gasketi ya silinda hedi, hapo msipake silikoni kamwe. Mlipuko wa dizeli utaisukuma kama mate.

Mafuta yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, acha habari ya sili za krenki. Maji yameingia. Katika mitambo mingi ya zamani ambayo mikebe ya silinda imezungukwa na maji, tazama pete za mpira zilizo chini ya mikebe hiyo.

Bwana mmoja aliniuliza asubuhi kama lori linalodondosha tone moja moja lina ubaya gani, maana mafuta ya kuongeza anayo. Nalimwambia ahesabu: tone moja kila sekunde ni kama lita moja na nusu kwa saa 8. Tena matone hayo yakipeperushwa juu ya bomba la moshi lililo moto, na juu yake mmepakia pamba, mnajua wenyewe pamba ishikapo moto ni nani awezaye kuizima njiani, mbali na maji.

Kabla sijaketi nitawaonyesha namna ya kutia sili ya nyuma, nanyi mafundi sogeeni. Hii ya mpira mweusi hupakwa mafuta mdomoni. Hii nyingine, ambayo mdomo wake ni mweupe au wa kahawia na hauna springi, huingizwa kavu, na mtambo huachwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Mkichanganya desturi za hizi mbili zitavuja zote. Igongeni kwa ubao, pande zote sawasawa, wala si kwa nyundo tupu. Kijana, nipe ule ubao.