Maji Safi, Maji Salama: Kiswahili cha Kueleza Sayansi kwa Umma Karatu na Ngorongoro



Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi ya kusanifu istilahi imeendelea tangu hapo. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo, mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba upotovu mkubwa katika kueleza sayansi kwa umma hausababishwi na istilahi zinazokosekana. Husababishwa na maneno ya kawaida, ambayo kila mtu anadhani anayaelewa. Mifano inatoka katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha.

Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, karibu na Ziwa Eyasi hukutana lugha zenye nasaba tofauti kabisa: Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga na Kimaasai ni za Kiniloti, Kihadza hakina nasaba iliyothibitishwa na lugha nyingine yoyote, na Kiswahili ni cha Kibantu. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wasemaji hao sokoni, zahanatini na shuleni. Pili, ni nadra kupata mahali ambapo sayansi iko karibu na mlango wa nyumba kiasi hicho. Bonde la Oldupai na Laetoli vimo humo, na mwaka 2018 eneo la Ngorongoro Lengai, linalogusa wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli, lilitambuliwa na UNESCO kuwa Jiopaki ya Dunia.

Mfano wa kwanza ni swali la mtoto. Barabara ipandayo kutoka Karatu kuelekea lango la Ngorongoro ina nyani wengi. Mtoto aliyefundishwa kwamba “binadamu alitokana na nyani” huwatazama na kuuliza: mbona hawa hawajawa watu? Swali hilo ni la haki, na kosa ni la sentensi aliyopewa. Nyani, kwa Kiswahili, ni yule mnyama mwenye mkia anayeonekana kando ya barabara. Sayansi haidai kwamba mtu alitokana naye. Inadai kwamba mtu na sokwe mtu wana mhenga mmoja aliyeishi takriban miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na kwamba mhenga wa pamoja wa mtu na nyani ni wa kale zaidi, zaidi ya miaka milioni 20. Nyani wa leo ni jamaa wa mbali aliyefuata njia yake mwenyewe. Jibu hili halihitaji istilahi hata moja ngeni. Linahitaji kutenganisha maneno mawili ambayo lugha ilikwisha kuyatenganisha, yaani nyani na sokwe, na kuondoa kitenzi “kutokana” pale ambapo uhusiano ni wa undugu.

Neno “binadamu” nalo lina uzito wake. Kiasili ni “mwana wa Adamu”. Msikilizaji anapoambiwa kwamba binadamu walitembea Laetoli miaka milioni 3.66 iliyopita, anapewa makosa mawili kwa pamoja. Anaambiwa kwamba viumbe wale walikuwa watu kama yeye, ilhali mabaki ya kale zaidi yanayohusishwa na spishi yetu yana umri wa takriban miaka 300,000. Tena, bila kukusudia, anaingizwa katika ubishi wa imani ambao mtafiti hakuuanzisha. Neno “zamadamu”, lililozoeleka katika vitabu vya historia vya Tanzania, linafaa zaidi, kwani linaashiria kiumbe wa ukoo wetu pasipo kumfanya jirani yetu.

Mfano wa pili unahusu kiwango cha uhakika. Huko Laetoli, kundi la Mary Leakey lilifukua mwaka 1978 na 1979 mfululizo wa nyayo zilizoachwa na zamadamu katika majivu ya volkano. Mwaka 2016 watafiti, akiwamo Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitangaza nyayo nyingine, takriban mita 150 kutoka zile za awali. Lakini zipo nyayo za tatu, na hizo ndizo zenye funzo. Ziligunduliwa mwaka 1976, na baadhi ya wataalamu wakapendekeza kuwa ni za dubu aliyesimama kwa miguu miwili. Zilifukuliwa upya mwaka 2019, na Desemba 2021 jarida la Nature likachapisha hoja kwamba mwenye nyayo hizo alikuwa zamadamu, tena wa spishi tofauti na aliyeacha zile za 1978.

Habari kama hiyo isimuliwe vipi kwa Kiswahili? Mtindo uliozoeleka ni “utafiti umethibitisha”. Kitenzi hicho hufunga mlango. Iwapo mwaka huu utafiti “umethibitisha” dubu na mwaka ujao “umethibitisha” zamadamu, msikilizaji atahitimisha kuwa watafiti ni waongo. Ilhali Kiswahili kina ngazi nzima ya kupimia uhakika: “yumkini”, “huenda”, “yaelekea”, “inadhaniwa”, “ushahidi unaonyesha”, “imethibitika”. Mwandishi aliyesema kwamba nyayo hizo “zilidhaniwa kuwa za dubu, uchunguzi mpya wa umbo la mguu unaonyesha kuwa yaelekea ni za zamadamu” atakuwa ameeleza matokeo na pia namna sayansi inavyojisahihisha. Katika sentensi hiyo, kubadili kauli hakumwaibishi mtafiti.

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote, kwa kuwa unagusa miili ya watoto. Miamba ya volkano ya kaskazini mwa Tanzania ina floraidi, nayo huyeyuka katika maji ya baadhi ya visima na chemchemi. Kiasi kidogo huimarisha meno. Kiasi kikubwa, wakati meno ya mtoto yangali yakijijenga ndani ya ufizi, huyatia madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Na kikizidi kwa miaka mingi huathiri mifupa. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Magadi yanayotiwa katika maharage na makande ili yaive upesi yanaweza kuongeza floraidi hiyo.

Sasa yaangaliwe maneno “maji safi na salama”. Yamesemwa pamoja kwa miaka mingi katika kampeni za maji hata yamekuwa kama neno moja. “Safi” kwa msemaji wa kawaida ni kile kinachoonekana kwa jicho: maji yasiyo na tope. “Salama” ameielewa kupitia agizo la pili: “chemsha maji ya kunywa”. Agizo hilo ni sahihi na limeokoa maisha, kwa sababu moto huua vijidudu vya kuhara. Lakini floraidi haina rangi, na haifi, kwani haijawahi kuwa hai. Maji yanapochemka hupungua kwa mvuke, nayo floraidi hubaki sufuriani, ikiwa nyingi zaidi kwa kila lita. Mama aliyetii agizo kwa ukamilifu anaweza kumnywesha mwanawe maji yaliyo safi, yaliyochemshwa, na yasiyo salama. Kisha mtoto huyo akikua, watu humwona mchafu wa kinywa.

Hapa istilahi peke yake haisaidii. Kumwambia mama huyo kuwa maji yana “floraidi” ni kumpa jina bila maarifa. Kumwambia yana “sumu” ni kumtia hofu isiyo na kipimo. Maelezo ya kutosha yana sehemu tatu: madini haya hutoka katika mwamba, moto hauyaondoi, na kisima kimoja huweza kuwa nayo mengi huku cha jirani kikiwa na machache, hivyo maji hayana budi kupimwa. Kinachofuata ni hatua zinazotekelezeka: kukinga maji ya mvua kwa ajili ya watoto wadogo, kupunguza magadi, na kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng’ombe, mbinu iliyofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani humo humo.

Kutokana na mifano hii mitatu, wanafunzi wa isimu wana kazi mbele yao. Pamoja na kuuliza “neno hili linaitwaje kwa Kiswahili?”, inafaa kuuliza pia “neno hili tayari lina maana gani kwa anayesikiliza?” Uchunguzi huo hufanyika kisimani, kliniki na sokoni, na huko Karatu utahitaji pia wasemaji wa Kiiraqw na Kidatoga, kwa kuwa maelezo ya Kiswahili hutafsiriwa tena nyumbani na mtoto wa shule kwa ajili ya bibi yake.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Anayeuliza mbona nyani hawajawa watu, au mbona meno ya mwanawe yana madoa ilhali maji huchemshwa kila siku, amekwisha kutimiza wajibu wake. Wajibu uliobaki ni wa wenye elimu: kumjibu kwa Kiswahili ambacho hakitamdanganya.