Kuihifadhi Video ya Familia katika Diski ya DVD



Kuanzia milima ya Umatengo hadi Liuli na Mbamba Bay, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, bado zipo nyumba ambamo babu na bibi hutazama harusi ya mjukuu au ngoma ya mganda kwa deki ya DVD. Kijana huja na video hiyo ikiwa ndani ya kompyuta. Akiinakili kwenye diski kama faili tu, deki nyingi za zamani haziisomi. Rekoda ya DVD ya mezani huirekodi upya kwa mfumo ambao deki inaufahamu.

Rekoda hupokea nyaya tatu: wa njano kwa picha, mwekundu na mweupe kwa sauti. Kompyuta yenye tundu la HDMI pekee huhitaji kifaa kidogo cha kugeuzia HDMI kuwa AV, nacho kiwekwe kwenye PAL. Video ichezwe ikijaza kioo chote, na milio ya kompyuta izimwe. Mlio wa ujumbe ukiingia katikati ya kiapo cha ndoa, hautoki tena.

Harusi ya saa mbili hurekodiwa kwa saa mbili kamili. Diski ya kawaida, ya GB 4.7, hubeba kiasi hicho kwa ubora wa wastani, au saa moja kwa ubora wa juu. Kubana saa sita kunawezekana, ila miguu ya wacheza mganda itavunjika vipande vipande kwenye kioo.

Hatua inayosahauliwa ndiyo iletayo majonzi. Diski haina budi kufungwa, kwa amri ambayo menyu huiita “Finalize”. Isipofungwa, hucheza kwenye rekoda ileile na kukataa karibu kwingine kote. Umeme ukikatika wakati wa kuifunga, yaweza kuharibika kabisa.

Tuseme mzee alirekodiwa akieleza namna ya kupanga nyasi na kuchimba ngoro, naye sasa ni marehemu. Faili limefutwa ili kupata nafasi, kisha diski inakataa. Hakuna wa kuulizwa tena. Kwa hiyo faili la awali lisifutwe kabla diski haijachezwa mwanzo hadi mwisho katika deki ya nyumba nyingine, na nakala ya pili ibaki kwenye flashi. Diski iwekwe mbali na jua, jina na mwaka vikiandikwa juu ya kasha lake.