Mazungumzo ya Waandishi Mlimani Makerere



Msomaji akishika kitabu huliona jina la mtu mmoja juu ya jalada, naye hudhani kwamba kazi ile yote ilitendwa na mtu yule peke yake, amejifungia chumbani na kalamu yake. Sivyo yalivyo mambo siku zote. Kitabu hupata watu wa kukizungumza kabla hakijapata wa kukisoma, na mara nyingi yale mazungumzo ndiyo yanayokipa njia ya kutoka.

Mwezi wa Juni, 1962, waandishi wengi walikusanyika katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Kutoka Nigeria walikuja Bwana Chinua Achebe, Bwana Wole Soyinka na mshairi Christopher Okigbo. Afrika ya Kusini iliwakilishwa na Bwana Ezekiel Mphahlele na Bwana Lewis Nkosi, ambao kwao walikuwa wamekwisha kupahama kwa sababu ya ubaguzi. Mshairi Langston Hughes alitoka Marekani. Katikati ya wakubwa hawa aliketi mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, kijana wa Limuru, aliyeitwa siku zile James Ngugi. Alichokuwa nacho cha kumwingizia mkutanoni ni hadithi fupi mbili tu zilizokwisha kupigwa chapa, moja katika gazeti la wanafunzi lililoitwa Penpoint, na ya pili katika gazeti jipya la Kampala, Transition.

Lakini kijana huyu alikuwa na kitu kingine: mswada wa riwaya, uliopigwa taipu wala haujakamilika. Shauku yake kubwa haikuwa kusikia hotuba, bali kumpata Bwana Achebe amsomee. Na Bwana Achebe, ambaye kitabu chake Things Fall Apart kilikuwa kimempa sifa tangu 1958, hakumpuuza. Aliusoma ule mswada, akamweleza palipofaa kutengenezwa, kisha akausaidia kufika kwa wachapishaji wa Heinemann. Mwaka 1964 ukatoka kitabu kiitwacho Weep Not, Child. Yafaa ifahamike kwamba Bwana Achebe aliendelea na kazi hiyo ya kuishauri Heinemann juu ya vitabu vya Waafrika kwa muda wa miaka kumi, bila mshahara. Waandishi wenye moyo huo si wengi, kwa maana kusoma mswada wa mwingine ni kuacha wako mezani.

Hata hivyo mkutano ule ulikuwa na mlango mwembamba. Ulikuwa mkutano wa Waafrika waandikao kwa Kiingereza, na jina lake lenyewe lilisema hivyo. Wajumbe walijadiliana sana swali la maandishi ya Kiafrika ni yapi: Je, ni yale yaliyoandikwa na Mwafrika, au yale yanayohusu Afrika? Je, ni lazima yawe katika lugha ya Kiafrika? Nao waliokuwa wakiandika katika lugha hizo hawakuwamo barazani kulijibu. Bwana Fagunwa, mwandishi mkubwa wa Kiyoruba, hakuwamo. Wala hakuwamo Bwana Shaaban Robert wa Tanga, karani wa serikali kwa miaka mingi, aliyekuwa amewapa wasomaji Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, mbali na mashairi yake. Mwanafunzi mwenye hadithi mbili alipata kiti, na mzee mwenye rafu ya vitabu hakupata. Tarehe 20 Juni, mwezi ule ule wa mkutano, Bwana Shaaban Robert alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 53.

Aliyekuja kulitaja jambo hili waziwazi ni yule yule aliyefaidika. Bwana Ngugi, ambaye baadaye aliliacha jina la James akajiita Ngugi wa Thiong'o, aliliandika katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind.

Lakini kabla ya kuandika hayo, yeye naye alikuwa amepata mwalimu mwingine. Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji cha Kamiriithu, Limuru, alifika nyumbani kwake asubuhi, akamwuliza kwa nini wenye elimu na vitabu hawawagawii wanakijiji elimu hiyo. Akajibiwa kwa udhuru, akaenda zake, akarudi Jumapili nyingine, na nyingine tena, hata Bwana Ngugi akashindwa. Kutoka hapo yeye na Bwana Ngugi wa Mirii wakatunga mchezo wa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda. Wanakijiji waliposomewa hawakupiga makofi tu. Wazee walisahihisha lugha na nyimbo, na wafanyakazi wa viwandani walisahihisha habari za viwanda, kwa kuwa wao ndio walioyajua. Mchezo ulionyeshwa Oktoba 1977, ukapigwa marufuku mwezi uliofuata, na mwisho wa mwaka mtungaji akatiwa kizuizini Kamiti bila kushitakiwa.

Humo Kamiti, hana karatasi, aliandika riwaya ya Kigikuyu juu ya karatasi za chooni. Caitaani Mutharaba-ini ilitoka mwaka 1980, na wasomaji wa Kiswahili wakaipata baadaye kwa jina la Shetani Msalabani. Bwana Ngugi, aliyefariki Mei 2025, alisimulia jinsi kitabu hicho kilivyosomwa: jamaa walikusanyika nyumbani jioni, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Katika vilabu vya pombe mtu mwenye sauti nzuri aliwasomea wenziwe, na kila alipofika mahali pa utamu alinyamaza, akalitazama bilauri lake tupu, mpaka mtu akaagiza lijazwe.