Yosefu Alilia Kwanza

Somo letu ni Mwanzo 45:1-5.

Kidonda cha adui kinauma, lakini cha mpendwa kinauma zaidi. Zaburi 55:12-14 inalia hivyo hivyo: aliyeumiza ni rafiki waliyetembea pamoja kwenda nyumbani mwa Mungu. Hapa Bukavu tunawajua wamama waliotendewa ubaya na watu wenye silaha, kisha wakafukuzwa na bwana zao wenyewe. Pigo la kwanza lilitoka porini. La pili lilitoka nyumbani. Tunawajua pia watoto walioitwa wachawi na jamaa zao.

Hao huambiwa: "Sahau, omba tu." Tumtazame Yosefu. Alimwita mwana wake Manase kwa sababu Mungu alimsahaulisha taabu yake (41:51). Lakini ndugu zake walipokuja kutafuta chakula, alijitenga akalia (42:24). Akaingia chumbani akalia tena, akanawa uso (43:30-31). Kumbe kidonda kilikuwa bado kibichi. Kilianza kupona siku alipolia kwa sauti na kutaja jambo lenyewe: ninyi mliniuza.

Kutaja kunahitaji sikio. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji Mpentekoste, haitibu mwili peke yake. Kuna wanasaikolojia, yaani watu waliosomea kumsikiliza aliyeumia, polepole, mpaka aweze kusema bila kuvunjika. Kwenda kwao si kupungukiwa imani. Aliyevunjika mguu tunamwombea, na mfupa wake unafungwa.

Tena kusamehe si kurudi mara moja chini ya ngumi. Yosefu aliwapima ndugu zake kwanza. Alipoona Yuda yuko tayari kubaki mtumwa mahali pa Benyamini (44:33), ndipo akajitambulisha na kuwakumbatia.

Basi mama, papa, kijana, wiki hii mtafute mtu mmoja anayetunza siri, umwambie. Kama mzigo ni mzito, mwende pamoja kwa waliosomea kazi hiyo. Nasi kanisani, mtu huyo akitujia, tufunge mdomo, tufungue sikio. Habari yake isigeuke ombi la kutangazwa mbele ya wote. Bwana wetu alisalitiwa na mtu aliyekula naye meza moja. Anakijua kidonda hicho. Amina.