Kuku Nyumbani: Ni Zamu ya Nani Kufunga Mlango?

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa barazani na mfasiri mmoja wa Serikali, mbele ya wakulima, akina mama na vijana.)

Rafiki zangu waliposikia kwamba nitasema juu ya kuku walicheka, wakaniuliza, "Je, kuku nao wahitaji hotuba?" Nami niliwajibu kwamba na wacheke, lakini kwanza kila mmoja akahesabu vifaranga wake, kisha akumbuke ni wangapi walioanguliwa.

Kazi yangu ni kufasiri. Siku moja nililetewa kijitabu kilichoandikwa Uingereza, cha kuwafundisha watu wa nyumba moja namna ya kufuga kuku uani. Karibu kila ukurasa ulimtaja adui mmoja, nayo kamusi ilinipa neno la kumwita: mbweha. Nikaandika "mbweha," kisha nikaweka kalamu chini. Yule wa Uingereza ni mnyama mwekundu mwenye mkia mnene, aishiye hata katikati ya mji wa London. Katika Kenya hayuko. Sisi tusemapo mbweha, mara nyingi twamaanisha yule mwenye mgongo mweusi wa nchi za malisho, naye kweli huiba kuku. Tena yuko mbweha masikio, ambaye chakula chake kikubwa ni mchwa. Maskini huyu hupigwa mawe kwa makosa ya wengine. Nikaona kwamba nikiliacha neno lile peke yake, msomaji wa Kakamega au wa Kiambu atamngoja mnyama asiyefika kwake, huku mwizi halisi akiingia bandani.

Kwa hiyo yafaa tuwajue wezi wetu kwa majina na kwa saa zao.

Mchana mwizi wa kwanza ni mwewe. Yeye hushuka ghafula, huchukua kifaranga, na huacha kelele tu za mama yake. Wa pili ni nguchiro, ambaye huvizia kichakani na hupenda mayai na vifaranga. Karibu na mito yuko pia kenge, mla mayai. Usiku huja kanu, mwenye madoa mwilini na mapete mkiani, hodari wa kupanda na kupenya mahali pembamba. Na kicheche, mdogo mweusi mwenye milia myeupe, anukaye vibaya akiudhiwa. Paka pori huja, na nyoka pia. Nanyi mkaao mijini msidhani kwamba mmesalimika. Panya hula vifaranga, paka na mbwa wa jirani hawajui mpaka wa uwanja, na mwizi wa miguu miwili hupita mahali pote.

Kila mmoja huacha alama. Kifaranga akitoweka mchana bila damu wala manyoya, tazama juu. Ukikuta maganda ya mayai yaliyovunjwa kiotani, fikiri nguchiro. Ukikuta kuku wengi wameuawa usiku ndani ya banda, na wachache tu wameliwa, yaelekea aliyeingia ni kanu au mwenziwe, ambaye huua kwa kuona kuku wakirukaruka, hata akiwa ameshiba.

Habari hii ya mwisho sikuisoma kitabuni. Niruhusuni niwaeleze.

Nilikuwa mtoto wa shule nyumbani kwetu, karibu na Kakamega. Mama yangu alikuwa na kuku 14, naye aliwatunza kuliko nguo zake. Kwetu kuku ni heshima ya mgeni na firigisi ni ya mwenye nyumba. Lakini wale 14 hawakuguswa hata kwa mgeni. Nilikuwa nimechaguliwa kuingia shule ya misheni ya sekondari, na kuku wale ndio waliokuwa karo yangu. Watoto tulikuwa watano, na kazi ya kufunga banda ilikuwa yetu sote.

Usiku mmoja tulisikia kelele. Baba alitoka na rungu, lakini alikuwa amechelewa. Kulipopambazuka tulikuta kuku 9 wamekufa, na 5 wakiwa juu ya mti. Baba akasema ni mbweha, akaita mbwa. Mzee mmoja jirani alilizunguka banda polepole, akatazama kuta, akatazama chini, akaishika kamba ya mlango iliyokuwa ikining'inia. Akasema, "Huyu hakuvunja. Amekaribishwa."

Mama hakumpiga mtu. Alituuliza mmoja mmoja, na kila mmoja alijibu kwamba alidhani mwenziwe amefunga. Hakuna aliyesema uongo. Aliwauza wale 5, akakopa kwa jamaa, nami nikafika shuleni muhula mzima umekwisha kupita. Wenzangu walikuwa wamekwisha jifunza mambo ambayo nilihangaika nayo mwaka wote. Mpaka leo sijui kama ilikuwa zamu yangu kufunga mlango usiku ule, kwa sababu hapakuwa na zamu.

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo nililokuja kusema. Twasema kuku ni wa nyumba nzima, na ni vema. Lakini kazi iliyo ya watu wote bila jina la mtu hubaki bila mwenyewe. Basi igaweni kwa majina. Mmoja afungue banda asubuhi na kutia maji safi. Mwingine aokote mayai kila siku, asiyaache yalale kiotani. Wa tatu awahesabu kuku jioni na kufunga. Idadi yao iandikwe kwa mkaa ukutani, hata asiyejua kusoma aione. Katika Kenya jua hutua karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na kuku hurudi wenyewe giza likikaribia. Hakuna saa iliyo rahisi zaidi kuikumbuka. Tena mpeni kila mtoto tembe mmoja awe wake hasa, na fedha za mayai yake azione kwa macho. Mtoto mwenye kuku wake hahitaji kukumbushwa mlango.

Kazi ya kujenga na ifanywe na walio na nguvu. Sakafu ya banda iinuliwe juu ya nguzo, futi 3 hivi kutoka ardhini, na kila nguzo ivishwe bati laini ili apandaye ateleze. Kila kuku apate nafasi ya futi 2 za mraba, maana wakibanana huugua. Madirisha yawe na wavu mgumu wa chuma wenye matundu yasiyozidi nusu inchi. Wavu mwembamba wa matundu makubwa humzuia kuku kutoka, lakini haumzuii mwizi kuingia. Mlango uwe na komeo la chuma. Kamba haifai, nami ni shahidi. Asiyeweza kuinua banda na azike wavu futi 1 ardhini kulizunguka, akiukunja kuelekea nje, ili achimbaye akutane nao. Kichaka kilicho karibu kifyekwe. Mabaki ya chakula yaondolewe jioni, kwa kuwa hualika panya, na panya humwalika nyoka.

Vifaranga wana shauri lao. Kuku huatamia siku 21. Tuseme mayai 12 yametoa vifaranga 10. Ukiwaachia uwanjani tangu siku ya kwanza, na mwewe akachukua mmoja kila siku ya tatu, mwezi ukiisha huna hata mmoja, nawe utasema kuku huyu hana bahati. Afadhali wakae na mama yao chini ya tenga kubwa, au katika uzio mdogo uliofunikwa juu, kwa muda wa majuma 4 hadi 6, ukiwapelekea chakula na maji humo. Ni kazi kidogo, lakini ni ndogo kuliko kuanza upya.

Naomba sana tusitege sumu. Sumu iliyowekwa katika nyama haichagui: humwua mbwa wako, humwua tumbusi aliyekuja kusafisha mzoga, na yaweza kumwua mtoto. Hata kanu, akizuiwa kuingia bandani, atakula panya wa ghala lako, nawe hutamlipa mshahara.

Tena nisimsahau adui asiyezuiwa na komeo. Kideri kikiingia kijijini chaweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache, nacho hakina dawa ya kuponya. Dawa yake ni chanjo kabla hakijafika. Muulizeni afisa wa mifugo. Ziko chanjo zitiwazo tone moja jichoni, ambazo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Majirani wakichanja siku moja, hufaidika wote. Kuku mgonjwa atengwe, wala asipelekwe sokoni, kwa maana anayemuuza huuza ugonjwa kwa vijiji vingine. Kuku mpya naye atengwe majuma 2 kabla ya kuchanganywa na wenziwe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mtaniuliza kijitabu kile kiliishaje. Nilikimaliza. Penye neno mbweha niliandika mwewe, nguchiro, kanu na kicheche, kila mmoja mahali pake. Kisha nilimwomba mkubwa wangu ruhusa ya kuongeza mwishoni sentensi moja ambayo Mwingereza yule hakuiandika. Aliisoma, akanitazama, akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia nimeitoa nyumbani. Akatia sahihi.

Sentensi yenyewe ndiyo hii, nami nawaachia muende nayo: "Leo jioni, kabla ya kukaa kula, ulizeni ni zamu ya nani kufunga mlango, na kama hakuna ajibuye, ondokeni wote mkaufunge, kisha mpange zamu usiku huu huu."